Baba na Malori ya Mchanga

Watu wanashangilia eti mtaa wetu siku hizi umetulia. Shauri yao! Mimi nazikumbuka kelele zile mpaka roho inaniuma. Nyumba yetu iko pale barabara inapoanza kupanda mlima. Mabasi yalipiga honi za mbwembwe, pikipiki zikalia kama mbu sikioni, na malori ya mchanga yakibadili gia, vikombe vilicheza kabatini.

Kwetu lori likipita ulinyamaza katikati ya neno, ukainua mkono, likishapita ukaendelea ulipoachia. Wageni walituona vichaa. Baba peke yake alifanya kinyume. Fundi viatu yule, uso mkavu, alikuwa na haya ya maneno matamu, basi alisubiri lori ndipo ayaseme. Tuliona midomo tu inacheza.

"Unasemaje?" mama aliuliza likishapita.

"Nasema chai imepoa."

Tulikuwa hatuna mbavu kwa kucheka, naye anafoka kwamba hatuna adabu.

Kisha ikajengwa barabara ya pembeni, malori na mabasi yakahamishiwa huko. Juzijuzi dada yangu alijifungua mapacha, mama akasema anakwenda kumsaidia. Akafunga nguo zote, hata za baridi. Hapo nikajua harudi.

"Nibaki nifanye nini?" aliniambia jikoni. "Baba yako hata sijui kama ananihitaji."

Nilikasirika. Naye baba si aseme, jamani!

Asubuhi ya safari ikaja teksi ya umeme, haitoi hata mguno. Mizigo ikapakiwa. Baba alisimama mlangoni, anatazama barabara juu na chini. Nilijua anasubiri nini, nikamwonea huruma. Ikapita baiskeli. Ikapita pikipiki, nayo ya umeme, kimya. Mama akafungua mlango wa gari.

"USINIACHE!" Baba aliitoa sauti yote aliyokuwa akishindana nayo na malori. "NAKUPENDA, MKE WANGU! NYUMBA HII ITANISHINDA BILA WEWE!"

Loh! Madirisha yalifunguka mtaa mzima. Dereva akajifanya anafuta kioo. Baba jasho linamtoka, mikono hajui aiweke wapi.

Mama akaufunga mlango wa gari akiwa nje, machozi yanamdondoka.

"Rudia," akasema. "Ila polepole, mzee. Mimi si lori."

Baba akamsogelea, akarudia.

Mizigo ya mama ikashushwa. Kwa mapacha nikaenda mimi.