Kikombe cha Kisima cha Juu

Enyi wenye watoto, sikilizeni habari za Kisiwa cha Ghururi, nchi iliyovikwa bahari kama kiuno kilivyovikwa shanga, ambako halikujengwa hata banda kabla siha ya kisiwa haijapimwa. Desturi njema, ila namna yake. Mpimaji Mkuu, Maalim Juujuu bin Haraka, aliteka kikombe kimoja katika kisima cha kasri, huko kilimani, akaonja kwa taadhima, akatangaza kwamba kisiwa ni kimoja na maji yake ni mamoja. Mhuri ukagongwa, mikoko ikakatwa kupisha majumba ya wageni.

Kule chini, mtaa wa Sahaulika, aliishi Bi Shauku. Tangu mikoko ipungue, bahari ilikula ufuo hadi ikafika kisimani kwake, hata chai ikawa ya chumvi. Binti yake Faraja, mja mzito, akahamia bara. “Nitarudi kujifungua, mama, maji yakitengemaa.” Basi kila asubuhi Bi Shauku alionja, akatema, akazikunja upya kanga za kumpokelea mjukuu.

Ilipoombwa ruhusa ya kukata mikoko ya mwisho, alikwenda barazani kwa Sultani na mtungi wa maji ya kisima chake.

“Maalim, onja na ya kwetu.”

“Bibi wee, kisiwa kimeshapimwa. Ni matamu.”

“Matamu kilimani. Mwanangu hakuzaliwa kilimani.”

“Labda mtungi wako haujaoshwa.”

Watu wakacheka.

“Basi njoo uteke mwenyewe. Au miguu yako inajua kupanda tu?”

Wakacheka zaidi, safari hii hata Sultani Raha, ambaye aliamuru Maalim ashuke. Akashuka, baraza zima nyuma yake, akateka, akanywa, uso ukamkunjamana. Sultani akamuuliza hali ya kisiwa.

“Sijui, bwana wangu. Miaka ishirini sijakipima.”

Ruhusa ikakataliwa. Ikaamriwa kwamba upimaji uanzie visima vya chini, ufuo na mikoko, na iliyokatwa ipandwe upya. Sahaulika wakapiga vigelegele. Bi Shauku peke yake alimshika Maalim mkono.

“Yatakuwa matamu lini?”

“Mikoko ikikomaa, mama. Miaka kumi. Pengine kumi na mitano. Pengine ya kisima hiki yasiwe matamu tena kamwe.”

Bi Shauku akarudi nyumbani, akaketi, akaandika: “Mwanangu Faraja, shauri tumeshinda. Jifungulie huko huko. Kanga nakuletea.”