Sumu ya Kwapani

Marjut hakuamini chochote kilichotoka kiwandani. Mafuta ya kuzuia harufu ya kwapa aliyapika mwenyewe jikoni, kwa mafuta ya nazi, nta ya nyuki na magadi soda, kisha Jumamosi akayauza sokoni katika mji wao wa Kuopio huku akiwatisha wateja kwa habari za aluminiamu iliyomo kwenye mafuta ya dukani. Mdomo alikuwa nao. Mtu alikuja kununua kikopo kimoja, akaondoka na vitatu pamoja na hofu juu.

Mteja wake wa kwanza alikuwa dada yake mkubwa, Sinikka. Haukupita muda makwapa yakaanza kumwasha, yakawa mekundu.

"Hiyo ni sumu inatoka," Marjut alimwambia. "Umejipaka vya dukani tangu usichana, unadhani itatoka kwa adabu?"

Ukweli ni kwamba magadi yalizidi, na katika sufuria iliyofuata aliyapunguza kimyakimya. Vipele vikapona, ila kwapa la kushoto likabaki na uvimbe mdogo. Huo nao Marjut akauita sumu. Akaupaka udongo, akamnywesha dada yake chai za majani ya mwituni, akamsihi avumilie.

Mkesha wa Krismasi waliingia sauna ya wazazi wao, chumba cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, wawili tu, kama walivyozoea. Sinikka aliinua mkono asuguliwe, na vidole vya Marjut vikapita juu ya uvimbe ule. Ulikuwa mgumu na haukusogea. Sinikka hakusikia maumivu yoyote. Marjut aliondoa mkono haraka. Akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukawafunika, akasema, "Unapungua."

Haukuwa umepungua hata kidogo. Lakini angesemaje, yeye aliyewahubiria watu soko zima? Aliona aibu, na kwa aibu hiyo akanyamaza majira yote ya baridi.

Barafu ya ziwani ilipoanza kuyeyuka, Sinikka akaenda kwa daktari bila kumwambia mtu. Ilikuwa saratani ya titi. Ilishafika kwapani, na kutoka hapo ikaingia kwenye ini.

Sikukuu ya katikati ya kiangazi iliwakuta tena saunani. Safari hii mawe hayakupashwa moto sana, na kichwa cha Sinikka hakikuwa na unywele kwa sababu ya dawa.

"Mbona sokoni huendi siku hizi?" Sinikka aliuliza.

"Nimeacha."

"Basi Kuopio yote itanuka, maskini."

Marjut hakucheka. Alikuwa amepanga maneno kwa wiki nzima. "Dada, ule uvimbe. Krismasi nilipoushika…"

"Ulijua."

Angeweza kukana hata hapo. "Nilijua," akasema. "Niliogopa kuonekana mjinga. Nisamehe, dada yangu."

Sinikka alichota maji kidogo, akayamwaga taratibu, akangoja mawe yanyamaze.

"Mimi nilijua kabla yako," akasema. "Unadhani kwa nini nilikuja kwako nikamkwepa daktari? Nilijua wewe utaniambia ningoje. Nilikuwa naogopa, mdogo wangu."

Marjut alianza kulia. Angeona afadhali kama angetukanwa.

"Ila kila nilipoinua mkono," Sinikka akaendelea, akiyatazama mawe, "nilikuwa naomba unikatalie. Uniambie tu, nenda hospitali. Ningekwenda kesho yake."