Mama wa Chumbani

Banitu alikuwa na miaka themanini na mmoja aliposema anarudi mji wa Ashuru, na wanawe wote pale Uruki wakadhani anatania.

"Mama, kule kuna nini?" akauliza Silimu, kitinda mimba wake, ambaye mwenyewe alikwisha kuwa na wajukuu. "Mji ulichomwa hata sijazaliwa."

"Kuna bibi yangu."

"Bibi yako alishakufa!"

"Ndiyo maana hawezi kuja yeye."

Mwaka ule mfalme wa Waajemi alikuwa ameingia Babeli, na tangazo likatoka: miungu iliyohamishwa irudishwe makwao, na anayetaka kuifuata aifuate. Silimu akafunga mizigo huku akinung'unika. Walisafiri siku arobaini wakiupanda mto Tigri, ajuza akiwa juu ya punda. Mwenye punda, Mwaramu mmoja mwenye mvi, hakujua kunyamaza.

"Bibi, ukitufia njiani tukuzike wapi?"

"Mdomoni mwako, baba. Hapo pana nafasi, na hapafungwi."

Msafara mzima ukaangua kicheko.

Kadiri mto ulivyokuwa mwembamba, ndivyo Banitu alivyozidi kusimulia. Nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka kisima cha wafua shaba. Asubuhi alizinduliwa na nyundo, kisha harufu ya mkate wa shayiri. Bibi yake, Ahatabisha, alimpakata darini akimweleza enzi zake: farasi kutoka Misri, mierezi ikishushwa kutoka milimani, wafalme wa mbali wakija kubusu ardhi mbele ya mfalme wao. Ulimwengu mzima, alisema bibi, ulikuwa ukipiga hodi mlangoni kwao.

Siku moja mateka kutoka kusini walipitishwa pale chini. Mwanamke mmoja alikuwa amejitwika chungu kitupu, kikiyumba kila alipojikwaa, na Banitu akacheka. Bibi akamfinya sikio hadi machozi yakamtoka.

"Usicheke. Njia iliyowaleta hawa, watu huondokea hiyohiyo."

Bibi alifariki majira ya baridi ya mwaka ule. Kwa desturi ya kwao alizikwa chini ya sakafu ya chumba cha ndani, na bomba la udongo likachomozwa kutoka kaburini ili asikose kinywaji. Kila mwezi ulipojificha, Banitu na baba yake walimwaga maji pale na kumwita jina. Kisha Wamedi wakavunja lango. Baba akawatupa wanawe juu ya chelezo cha viriba vya ngozi ya mbuzi vilivyojazwa pumzi, mto ukawachukua hadi kusini. Banitu alikuwa na miaka sita. Alilia njia nzima, si kwa ajili ya mji, bali kwa sababu bibi angeshikwa na kiu.

Walipofika Ashuru walikuta kondoo wakila majani penye hekalu. Silimu alimtazama mama yake kwa huruma, lakini Banitu alikwisha shuka kwenye punda. Alikipapasa kisima kwa fimbo, akageuka kushoto, akasimama mbele ya kizingiti cha jiwe jeupe. Juu ya kuta za zamani palikuwa na kibanda cha matope kinachofuka moshi.

Mwanamke wa makamo akatoka, mikono ina unga. Aliitwa Abirami.

"Karibuni, mama. Mnamtafuta nani?"

"Hapa ni kwetu," Banitu akasema, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

Abirami akafuta mikono taratibu. "Basi mmekuja kututoa?"

Banitu alikuwa amekwisha vuka kizingiti hadi chumba cha ndani. Bomba la udongo lilikuwepo, limevunjika ukingo, na ardhi iliyolizunguka ilikuwa mbichi.

"Nani amemwaga maji hapa?"

"Mimi. Jana mwezi haukuonekana. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Mumewe alipochimba msingi alimkuta mtu amelala, akafukia haraka. Akasema, huyu ndiye mwenye nyumba, sisi ni wageni wake. Jina hatulijui. Tunasema tu, 'Mama wa chumbani, kunywa.'"

"Mlijuaje ni mwanamke?"

"Kwa shanga zake."

"Hamkuzichukua?"

Abirami akashangaa. "Mama, mgeni humvua mwenyeji wake?"

Banitu akaketi sakafuni. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na Abirami, bila kuuliza lolote, akaketi karibu naye.

"Anaitwa Ahatabisha," Banitu akasema mwishowe.

"Hatabasha."

"A-ha-ta-bi-sha! Mwenyewe alikuwa mkali. Ukimkosea jina hanywi."

Silimu akacheka mlangoni, na Abirami akarudia mpaka akalipata.

Mwenye punda alipokuwa tayari kurudi kusini, Silimu alimkuta mama yake uwanjani, amekunja mikono ya nguo, anagombana na Abirami kuhusu unga.

"Twende, mama. Umeshamwona."

"Nenda wewe, mwanangu. Wasalimie wote."

"Utakaa hapa kama nani? Nyumba si yako tena."

Banitu akamgeukia Abirami. "Eti, nitakaa kama nani?"

"Kama mtu anayeharibu mikate yangu," Abirami akasema, akampa kinu.