Hukumu ya Kumbi Tatu

Dada yangu alifua vichwa vya watu wakubwa maisha yake yote ya kazi, na hakuna hata mmoja wao aliyemjua. Nasema vile vitambaa vyeupe wanavyotandika juu ya viti, pale abiria anapoegemeza kichwa, kwenye kumbi za kusubiria za daraja la kwanza. Vilimjia yeye, dobi wa reli, kwa mafurushi, kila stesheni na furushi lake, naye alivifungua akivisoma kama gazeti. Huyu kanyoa leo. Huyu mafuta ya nywele kaazima. Huyu alikuwa analia. Lakini kwenye kumbi zenyewe hakuwahi kukanyaga. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya karakana, na mlango wa daraja la kwanza ulikuwa na mlinzi wake.

Daktari alipotuita kando na kutuambia dawa zimefika mwisho, bora dada akalale kwake nyumbani, binti yake alitutumia tiketi. Ya mama daraja la kwanza, apate kujinyoosha. Yangu ya kawaida, nipate kufika. Treni tatu, na kabla ya kila treni, kusubiri.

Dada aliitazama tiketi yake kwa mbali, halafu kwa karibu.

"Chumvi," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu utoto, kwa sababu ya hadithi zangu. "Kumbe zote tatu nitazikalia."

"Utazikalia nini?"

"Kumbi. Nizilinganishe. Ila hukumu nitaitoa nikishalala kitandani kwangu, si kabla."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema anataka kufika akiwa hai. Mimi ni fundi rangi mstaafu. Nimesimama mbele ya kuta nyingi, najua ufa unaozibika na ufa unaosubiri tu nyumba ianguke. Nilimtazama dada yangu, nikambebea mfuko.

Stesheni ya kwanza, mlinzi alikagua tiketi yake, akakagua yangu, akamalizia na viatu vyangu. "Mpeleke mpaka kwenye kiti, mzee, halafu utoke."

Ndani kulikuwa na zulia jekundu, nene, na viti vipana kama vitanda vya watoto. Dada aliketi taratibu, akageuza shingo na kunusa kitambaa.

"Mashine," akasema. "Sabuni imebaki humu. Hawakusuuza."

"Kiti lakini?"

"Kiti kizuri. Kinakuzoea haraka, kama mpangaji asiyelipa. Sasa mpigie mwanangu, umwambie la kuchekesha. Nikisikia analia, nitakata roho hapa hapa, na wewe ndiye utakayetoa maelezo."

Basi nikapiga. "Mpwa wangu, hali si nzuri. Zulia la huku ni nene mno. Mama yako kazama mpaka magotini. Wamemtuma mtu na kamba, huyo naye hajaonekana tena."

Upande wa pili nilisikia pumzi ikishushwa, kisha kicheko. "Mjomba, muongo wewe. Mpe mama simu."

Nikampa. Dada akasema kwa uso mkavu, "Ni kweli, mwanangu. Naongea nawe nikiwa shimoni. Nikifika nitakwambia ukumbi upi umeshinda."

Wakacheka wote wawili. Nami nikatoka kabla mlinzi hajanitoa.

Treni ya kwanza ilimtikisa sana. Tulipofika stesheni ya pili miguu ilikuwa imevimba, viatu nimevishika mimi mkononi. Ukumbi wa pale ulikuwa mpya, kioo kitupu, baridi ya mashine ikikupiga usoni tangu mlangoni. Viti vya ngozi nyeusi, vinateleza. Dada alipapasa nyuma ya kichwa chake.

"Hamna vitambaa," akasema, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta ukuta mmoja haupo.

Bwana mmoja mwenye suti aliitazama miguu yake mitupu, akainuka, akahamia viti viwili mbele.

"Ananikimbia yule."

"Anafuata soketi. Simu yake imeisha chaji."

"Chumvi, mdanganye binti yangu. Mimi usinidanganye." Alivuta pumzi, ikachukua muda kufika. "Piga simu."

Nilimwambia mpwa wangu kwamba ukumbi huu una baridi mpaka kivuli changu kimegoma kuingia, kimekaa nje na mizigo, na kinadai koti. Akacheka, ingawa kicheko kilikuwa kimeanza kuchoka. Akasema kama kawaida yake, mpe mama. Dada alisogeza mdomo kwenye simu akasema neno moja tu, "Kweli," akanirudishia.

Kwenye treni ya pili nilihama daraja bila ruhusa, nikakaa chini karibu na miguu yake. Mkaguzi wa tiketi alinikuta pale. Nilikuwa nimeshaandaa hadithi ndefu ya kumweleza. Alimtazama dada, akanitazama mimi, akapita.

Stesheni ya tatu tulimshusha kwa kiti cha magurudumu. Kilichobaki kilikuwa treni ndogo tu, mwendo wa kusinzia na kuamka, na binti yake alikuwa ameshafika stesheni ya mwisho na gari la jirani, godoro limetandikwa nyuma.

Ukumbi huo ulikuwa wa zamani. Dari ya mbao, mapazia mazito, viti vinavyolala nyuma ukibonyeza pembeni. Na juu ya kila kiti, kitambaa cheupe. Dada alipitisha kidole kwenye pindo, polepole, kutoka kona moja mpaka nyingine.

"Wanga kidogo tu," akasema. "Pasi imeanzia upande wa ndani. Hapa kuna mtu anajua kazi." Akaegemeza kichwa. "Atakayekifua hiki atanijua."

"Basi ukumbi huu ndio umeshinda."

"Nimesema kitandani kwangu. Toka nje, Chumvi, utachafua ukuta."

"Ukuta wenyewe wameupaka mkono mmoja tu wa rangi."

Alitabasamu, macho yameshafumba. Mhudumu, msichana wa sauti ya chini, alimletea chai akaiweka bila kugongesha kikombe. Ukutani palikuwa na kibao: Mgeni aliyelala asiamshwe, tutamwita treni ikiwa tayari. Nilikisoma nikashukuru. Nilisema moyoni, angalau mara moja maishani atalala bila mtu kumwita dobi.

Nilikaa kwenye benchi la nje, mkabala na kioo, namwona bega na nusu ya uso. Benchi lilijaa. Nilifumba macho kidogo tu, mama mmoja mwenye furushi akanichoma kiwiko ubavuni.

"Mzee, umelala au umekufa? Sogea tukae."

"Nimekufa, lakini nasogea."

Watu wakacheka. Niliwapa hadithi ya nyumba niliyoipaka rangi nzito mpaka vyumba vikawa vidogo, wenye nyumba wakahamia uani. Kila nilipogeuka, dada alikuwa vile vile. Mhudumu alipita mbele yake, akachukua kikombe, akaleta kingine. Nikasema, wanamtunza.

Treni ndogo ikaingia. Mhudumu akainama kwenye kiti, akasema jambo. Akainama tena. Kisha akasimama wima akatazama kioo, akinitafuta mimi.

Safari hii mlinzi hakuniuliza tiketi.

Mkono wa dada ulikuwa umepoa kuliko ukumbi wa pili. Mbele yake chai ilikuwa bado inatoa moshi.

"Nilimbadilishia mara mbili," msichana akasema. "Ilikuwa inapoa hanywi. Nilidhani kalala, baba. Haturuhusiwi kuwaamsha."

Kule nje, kwenye benchi, wangemjua mara moja. Mtu angetaka nafasi.

Simu ilianza kuita mfukoni mwangu kabla sijaketi.

"Enhe, mjomba," mpwa wangu akasema. "Na huo ukumbi wa tatu umemfanya nini mama?"

"Mama yako amefariki."

Nikamsikia anacheka, kicheko cha mtu anayemridhisha mzee. "Hiyo si nzuri, mjomba. Umeishiwa. Mpe mama simu."

"Mwanangu, nisikilize. Ni kweli."

"Kila siku ni kweli. Mpe mama."

Nilitafuta maneno. Mimi, niliyekifanya kivuli changu kidai koti, sikupata hata moja. Nikafanya alivyoniagiza. Nikaiweka simu kwenye sikio la dada yangu, kichwa chake juu ya kile kitambaa, nikaishikilia.

"Mama," nikasikia sauti ndogo ikisema, "mjomba anasema umekufa. Mgombeze. Treni yenu si imeshafika? Kitanda nimekitandika, shuka zile zako. Niambie sasa, ukumbi upi umeshinda?"

Akangoja.

"Mama?"

Akangoja tena, na safari hii nilimsikia anasikiliza.

Treni ndogo ilipiga honi ikaondoka. Msimamizi alikuja, akanong'ona na mhudumu, akasema tusubiri hapo hapo mpaka abiria wapungue, si vizuri kumpitisha mbele ya watu. Wakavuta mapazia. Msichana akakiondoa kikombe cha dada, akarudi na kingine, akakiweka mbele yangu, kimya kimya, bila kukigongesha.