Kapita Aletewa Mke

Jumapili hiyo Germain alikuwa ndiyo kwanza avue viatu vya misa, Mama Madeleine akabisha hodi. Jirani huyu hakuja peke yake. Alimtanguliza mdogo wake Alphonse, aliyevaa koti kama mtu aendaye mahakamani, amebeba sufuria moja na gunia kuukuu. Nyuma, kwa kamba, alimvuta mbwa wake jike aitwaye Princesse, tumbo limeshuka nusura liguse ardhi.

"Papa Germain," akasema, na kiti alichopewa hakukikalia, "mutoto yako alimupa mutoto yangu mimba. Batu bote ba avenue baliona. Minye sina na maneno mingi. Namuleta."

Mjini Likasi hapana asiyejua maana ya kuletewa binti. Msichana akipata mimba, wakubwa wake humpeleka kwa aliyempa, na vyombo vyake, wakamwacha hapo mpaka ukoo wa mvulana useme neno. Lakini hiyo ni desturi ya watu. Germain akacheka. Aliendelea kucheka hadi Alphonse alipofunga kamba kwenye nguzo ya mlango wa ua, akatandika gunia, akaweka sufuria kando yake taratibu, kisha akaaga kwa heshima zote. Hapo kicheko kikamwishia.

Mshtakiwa mwenyewe, Kapita, mbwa wa Germain, alikuwa amejinyoosha kivulini. Alifumbua jicho moja, akamtazama Princesse, akalifumba.

"Anamukana," akasema Germain.

"Banaume bote banakanaka," akajibu mkewe Albertine, ambaye tayari alikuwa anammiminia mkwe maji. "Papa, huyu ni wa tatu mu mwaka moja. Nimechoka kuomba batu musamaha. Samedi bamukate kwa Docteur Hervé. Ao aende Buluo kwa Bertin."

Yaani Jumamosi Kapita ahasiwe, au ahamishiwe shamba. Bertin, kaka yake Albertine, alilima mihogo kule Buluo, na mbwa wake walikaa kwenye mnyororo tangu Januari hadi Desemba. Heri nusu shari kuliko shari kamili, mwingine angesema, akaenda kulala. Germain hakulala vizuri hata siku moja wiki ile.

Ni vyema ijulikane kwa nini. Germain alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuwa kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi wenzake. Makapita walipita juu yake, wengine vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kushika nyundo. Basi alipopata mtoto wa mbwa akampa cheo hicho, angalau awe na kapita mmoja anayemsikiliza. Halafu kiwanda kikaleta barua. Akufukuzaye hakwambii toka. Kilikuambia tu kwamba umri wako umefika, tia saini hapa.

Asubuhi ya kwanza ya kustaafu, king'ora cha saa kumi na mbili kilipolia, Germain alibaki kitandani akitazama mabati. Kapita hakujua habari za barua. Alikwaruza mlango kama kila siku, mpaka bwana wake akaamka, akavaa viatu. Wakaenda pamoja hadi geti la kiwanda, wakamsalimu mlinzi, wakarudi. Tangu hapo walienda kila siku ya kazi, miaka miwili sasa. Albertine alijifanya amelala, na Germain alijifanya anaamini amelala.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yake. Mbwa akishahasiwa, ataamka tena?

Jumatatu alikwenda kuuliza kilabuni, jambo ambalo mwenye akili halifanyi. Guy, ambaye maishani hajafuga hata kuku, alikuwa na jibu.

"Mbwa ya kukatwa inakuwa sawa mutu wa pension," akasema. "Inakula, inalala, inangojea."

Germain aliweka glasi chini na hakuimaliza.

Jumanne akamwendea Docteur Hervé, daktari wa mifugo, kijana mpole mwenye mikono inayonuka dawa. "Hapana, Papa," akasema Hervé. "Atakutambua, atalinda nyumba. Kutafuta babibi tu njo kutaisha." Germain alishukuru, akatoka akiwa amemwamini Guy. Binadamu ndivyo tulivyo.

Jumatano Kapita aliruka ukuta. Alhamisi king'ora kilipolia, mlango haukukwaruzwa. Germain alikwenda peke yake, na mlinzi wa getini, badala ya kumwamkia, akamwuliza, "Kapita iko wapi?" Akarudi akiwa ameinamisha kichwa, akaanza kuulizia nyumba kwa nyumba.

Ijumaa ndipo alipompata, kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, chini ya lori. Dereva alisema mbwa aliponea chupuchupu, nusura gurudumu limpite juu. Sikio limechanika, mguu umevimba, mwili mzima mweupe kwa vumbi. Madume wenzake watano, wapinzani wake, walikuwa wameketi mbali kidogo, nao hoi, na jike waliyemgombania alishakwenda zake. Kapita alipomwona Germain alipiga mkia chini mara mbili, vumbi likaruka. Germain aliona machozi yanakuja. Akayaacha yaje, maana vumbi la chokaa lipo, lingesingiziwa.

Akamfunga katika shati lake, wakakaa kando ya barabara kungoja pikipiki.

"Minye habakuniuliza," akamwambia. "Balileta barua tu. Weye, nakuuliza."

Kapita alimlamba chokaa mkononi kwa utulivu. Hilo halikuwa ndiyo, wala halikuwa hapana. Germain akaona haya, kwa sababu alijua anamtwisha mbwa mzigo usio wake. Mwenye kuamua alikuwa yeye.

Jumamosi akaamua. Alikaa kwenye benchi la Hervé ameshika kichwa cha Kapita hadi dawa ilipomlaza, akatoka nje, akazunguka nyumba ya daktari mara kumi na moja. Alirudi na mbwa mwenye bendeji, ambayo Albertine aliifunika kwa kipande cha kitenge, kwa ajili ya heshima. Princesse akamnusa, akasogea pembeni ya gunia, akamwachia nafasi.

Jumapili alizaa watoto wanne. Mama Madeleine alikuja na sabuni na sukari, kama waendavyo kumwona mzazi, akawatazama mmoja mmoja, akakiri kwamba mahari yamelipwa. Kapita hakuamka kuwaona. Alilala mchana kutwa. Alikula, akalala tena, na Germain akayakumbuka maneno ya Guy.

Jumatatu king'ora kililia. Germain alikuwa macho zamani. Aliyatazama mabati, akahesabu misumari, akamaliza. Mlango kimya. Akajigeuza, akajifunika shuka hadi masikioni, kwa hiyo mkwaruzo uliofuata hakuusikia yeye kwanza.

"Papa," akasema Albertine, mgongo wake ukiwa ukutani na macho yamefumbwa, "vaa viatu. Kapita anakuita ku kazi."