Kondoo wa Chuma Mita Mia Mbili

Katika ukoo wa Tollefson, bastola ya marehemu mama haikufuata umri wala mapenzi. Ilikaa kwa yule aliyeweza kuangusha kondoo. Si kondoo wa kuchinjwa, la. Kondoo dume wa chuma, aliyesimamishwa mita mia mbili kwenye kiwanja cha shabaha nje ya mji wao wa Montana. Ukimgonga akabaki amesimama, umepoteza risasi. Na msimu uliopita Ardis hakuangusha hata mmoja. Macho yalikuwa yamechakaa, kile kidole cha chuma cha kulengea kilichoko kwenye ncha ya mtutu akikiona kama unyoya. Mashindano ya kiangazi hiki yakipita vivyo hivyo, bastola ingehamia kwa mdogo wake, Verlyn.

Ndiyo maana alinunua darubini. Verlyn mwenyewe alimfungia juu ya bastola, akamkabidhi huku akipiga mluzi. Lakini kwenye mazoezi risasi zilitawanyika kwenye karatasi kama mtama uliomwagiwa kuku.

"Dada, darubini haina kosa," Verlyn alisema. "Mkono ndio umezeeka."

"Mkono huuhuu ndio uliokuogesha ukiwa huna hata meno. Koma."

Alijibu kwa kiburi, ila moyoni aliogopa. Je, kama ni kweli?

Jioni hiyo alisukuma kando sahani ya mkate mwembamba wa viazi, akaifungua bastola na kuhakikisha haina risasi, kisha akachukua rangi nyekundu ya kucha. Akachora mstari mwembamba kuanzia kwenye pete inayoshika darubini, ukashuka hadi kwenye reli iliyo juu ya mtutu. Akaacha ukauke vizuri. Kesho yake alipiga risasi chache tu, akavaa miwani, akatazama. Mstari ulikuwa umekatika vipande viwili. Kipande cha juu kilikuwa kimesogea mbele.

Ardis alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Basi si mkono!

Alipofungua skrubu alikuta zinang'aa mafuta. Akampigia simu ndugu yake.

"Verlyn, hizi skrubu umezipaka mafuta?"

"Mimi napaka kila kitu mafuta. Hata bawaba za choo."

"Bawaba inatakiwa icheze, baba. Hii inatakiwa ishike!"

"Lo. Samahani, dada."

Mtu mwingine angesema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Ardis alimjua mdogo wake. Hata kofia yake ilinuka mafuta ya mashine.

Akaanza upya, bila haraka. Akafuta kila skrubu na kila tundu kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka bila mafuta. Akafunga reli. Akaweka darubini juu ya pete, akanyoosha mikono yote miwili, maana darubini ya bastola haisogezwi jichoni kama ya bunduki. Akaitelezesha taratibu mpaka akaona duara zima lisilo na kivuli cheusi pembeni. Akalinganisha msalaba wa ndani na ukingo wa kabati. Mwisho akazisukuma pete mbele, zikaegemea ukuta wa mfereji wa reli, kwa kuwa bastola ikiruka nyuma darubini hubaki ikitaka kwenda mbele. Skrubu alizikaza kwa kupishanisha, kidogo huku, kidogo kule, kama nati za gurudumu.

Kiwanjani aliilaza bastola juu ya mfuko wa mchanga. Risasi zikaenda kushoto, lakini safari hii zilikaa pamoja kama mayai kiotani. Akazungusha kifundo cha pembeni cha darubini, ka, ka, ka, kundi zima likahamia katikati.

Siku ya mashindano upepo ulikuwa umetulia. Ardis alijilaza chali chini, goti juu, mtutu ukiegemea ubavu wa mguu, kama mama yao alivyokuwa akilala. Nyuma yake aliketi Verlyn na darubini kubwa ya miguu mitatu, kazi yake kumwambia risasi imeangukia wapi. Kondoo walikuwa watano, kila mmoja na risasi yake moja.

Risasi ya kwanza.

"Juu ya mgongo," Verlyn alisema. "Kiganja kizima."

Akarudisha kifundo cha juu, kuishusha shabaha. Ya pili ikalia *ting!* Watu wakashangilia. Kondoo akatikisika, akabaki amesimama.

"Umemgonga kwato. Umeteremsha mno."

"Nipandishe kiasi gani?"

Verlyn aliitazama bastola. Neno moja la uongo, na bastola ingekuwa yake.

"Nusu ya ulichoteremsha. Usizidishe."

Akapandisha. Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akabana kifyatulio kama anayebinya tunda kujua limeiva.

Kondoo wa tatu akapinduka miguu juu.

"Chini!" Verlyn alipiga kelele. "Yuko chini, dada!"

Wa nne naye chini. Wa tano aligongwa begani, akaruka kutoka kwenye kisimamio chake kabla mlio haujawarudia.

Ardis hakuweza kuinuka kwa jinsi alivyokuwa akicheka. Verlyn akamvuta mikono yote miwili, akamsimamisha.

"Mwaka huu bastola nimeikosa," alisema.

"Na mwakani," Ardis akamjibu, akifuta vumbi mgongoni. "Na mwaka unaofuata. Haya, nibebee mfuko wa mchanga, kijana."