Dakika Kumi na Mbili Nje ya Fizi

Mimi ni muuguzi wa meno hapa Yulin, kaskazini mwa China, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sijawahi kuiogopa saa kama nilivyoiogopa Jumatano ile.

Mgonjwa aliitwa Dou Yinlan, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mpiga zumari kutoka Suide. Yeye na mumewe Lei Baoshan, mpiga ngoma, ndio wanaoitwa kwenye harusi na mazishi ya vijiji vya kule. Jino lake la juu, la pili kutoka katikati, lilikuwa likivuja usaha kwa miezi minane. Halikuwa na tundu. Ukilitazama kwa mbele lilikuwa jeupe, zima kabisa. Kliniki mbili zilikuwa zimemwambia aling'oe tu.

Daktari Ge Wenshu, mkuu wangu, ndiye aliyeona shida ilipo. Alipitisha kijiti chembamba cha kupimia nyuma ya jino, upande wa kaakaa, kikazama kando ya mzizi milimita kumi na moja.

"Dada Yinlan, huna kosa lolote la kupiga mswaki," alimwambia. "Umezaliwa na mfereji nyuma ya jino hili. Unaanzia huku nje ya fizi, unafuata mzizi karibu hadi ncha. Uchafu umepita humo, umekula fizi na mfupa, mwisho ukaua neva."

Alisafisha mzizi kwa ndani, akauziba, akasafisha na fizi. Baada ya wiki tatu usaha ukarudi.

"Pale palipobaki, mkono wangu haufiki jino likiwa mdomoni," Daktari Ge alisema. "Nataka nilitoe, nizibe mfereji nikiwa nimelishika, kisha nilirudishe mahali pake."

Baoshan alicheka kidogo. "Daktari, jino siyo taa, utoe na kurudisha."

"Siyo taa, ndiyo maana naogopa. Utando ulioshika mzizi uko hai. Ukikauka, jino haliwezi kushika vizuri tena. Nina dakika kumi na tano, zisizidi. Na mzizi wenyewe mwembamba. Unaweza kuvunjika wakati wa kutoa. Ukivunjika, basi."

Yinlan aliuliza swali moja. "Nikiweka la bandia, nitapiga zumari?"

"Utapiga. Sijui kama utapiga vilevile."

"Basi litoe ulirudishe."

Jumatano asubuhi tukamchoma ganzi. Baoshan tulimweka nje ya mlango wa kioo. Daktari alilishika jino kwa koleo sehemu inayoonekana tu, asiguse mzizi, akaanza kulizungusha taratibu, kushoto, kulia. Dakika tano zikapita, jino halijasogea. Jasho lilimtoka Daktari kwenye paji nikamfuta. Yinlan alikuwa amekaza vidole kwenye mkono wa kiti hadi kucha zimekuwa nyeupe.

Ghafla kikasikika kitu, tik.

Daktari aliacha. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Hakuna aliyejua kama ni mfupa au ni mzizi. Yinlan alinitazama mimi, na mimi nikatazama trei. Daktari akaendelea, polepole kuliko mwanzo. Jino likatoka zima, na kipande kidogo cha mfupa kimeng'ang'ania pembeni.

"Saa," akasema. Nikabonyeza.

Aliufunika mzizi kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, akaacha wazi upande wa nyuma tu. Mfereji ulionekana, mstari mweusi kama ufa wa kikombe cha chai. Akaanza kuukwangua, mimi nikidondosha maji.

"Dakika mbili."

Akakata ncha ya mzizi, akaiziba.

"Nne."

"Umepinda huku chini," alinung'unika. "Picha haikuonyesha." Akazidi kukwangua.

"Sita. Daktari, sita."

"Nipe saruji ya meno."

Saruji niliichanganya mwenyewe, na nikaikosea. Ilikuwa kavu, alipoibandika ikamomonyoka kama unga. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nyingine," na ile sauti yake ya upole ndiyo iliyonitisha. Nikachanganya upya. Ya pili ikashika. Akaijaza kwenye mfereji, akailainisha hadi ikawa sawa na mzizi.

"Tisa."

Akalirudisha jino mdomoni, likaingia nusu, likagoma. Lilichomoza kuliko wenzake kama mtu aliyechelewa kukaa.

"Damu imeganda ndani," alisema, akalitoa tena. Nikamwaga maji ya chumvi kwenye shimo, akafyonza taratibu asiguse kuta zake.

"Kumi na moja."

Akalisukuma kwa kidole gumba. "Dada, uma kitambaa hiki. Polepole. Tena." Jino likazama, likakaa.

"Kumi na mbili," nikasema.

Tulilifunga na wenzake kwa waya mwembamba. Daktari alimwambia Yinlan ale vyakula laini, na asiguse zumari miezi mitatu.

"Miezi mitatu nyumbani kimya," Baoshan alisema. "Daktari, huwezi kuongeza kidogo?"

Yinlan, mdomo umejaa pamba, alimpiga teke la mguu.

Siku ya nne alipiga simu, akasema shavu limevimba. Daktari Ge alimpa dawa. Siku ya sita uvimbe ukashuka. Waya ulipotolewa, jino lilicheza kidogo. Mwezi wa tatu likaacha kucheza. Mwaka ulipotimia kijiti kilizama milimita tatu tu, na kwenye picha mfupa ulikuwa umeanza kujaa.

"Sikuahidi miaka ishirini," Daktari alimwonya.

"Sijaomba ishirini. Kesho nina harusi."

Siku hiyo alikuwa amekuja na binti yake Xiaohe, mwenye miaka tisa. Daktari akamwomba apanue mdomo. Nyuma ya jino lake la pili, palepale, palikuwa na mfereji, lakini mfupi, umeishia kwenye ukingo wa fizi. Fizi ilikuwa nzima. Yinlan alisimama karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi zake.

"Hili halitoki," Daktari alimwambia kabla hajauliza. "Tunausafisha, tunauziba hapa nje ya fizi, na mtamleta kila baada ya miezi sita."

Tulimaliza kwa dakika ishirini, bila hata sindano, na hakuna aliyeniomba nitazame saa.